Bakuli Limejaa, Kanari Anakonda

Msomaji wa Tanga anauliza: kanari wake ametimiza miaka tisa, bakuli la mbegu limejaa siku zote, ndege anashinda hapo akidonoa, na bado anakonda. Je, ni uzee tu?

Jinsi ndugu huyu wa chiriku wetu alivyotolewa Visiwa vya Kanari na kuishia kwenye matundu ya Ulaya, nitaruka; imeshaandikwa mno. Jibu la Tanga limo mdomoni.

Kanari hamezi mbegu na ganda lake kama njiwa. Huibangua kwanza. Nasema kubangua makusudi: kukoboa kunataka kinu, kumenya ni kwa ndizi, na neno la wenzetu wabangua korosho wa Mtwara ndilo linalokaa hapa, maana kinachotafutwa ni kiini kizima. Mbangua korosho huilaza korosho kwenye mashine ya mkono, makali yakakaa panapostahili, kisha hukandamiza kwa kiasi. Akizidisha, kiini kinavunjika na bei inaanguka; akipunguza, ganda halifunguki. Kanari anayo karakana hiyo ndani ya mdomo wa kama sentimita moja. Kandokando ya kaakaa kuna mifereji. Ulimi, ambao ndio mkono wa mbanguaji, huisukuma mbegu hadi kwenye mfereji na kuishikilia. Taya la chini, lenye kingo kali, hupanda na kucheza kulia na kushoto likichana ganda. Ulimi unaizungusha mbegu, ganda linabanduka na kudondoka, kiini kinakwenda zake kikasagwe na firigisi. Yote haya hufanyika upesi hata sisi tunaona ndege anadonoa tu. Na kama ilivyo kwa wabanguaji wote, zamu ikiisha maganda yamelundikana.

Sasa mbanguaji amezeeka. Mdomo wa ndege haukomi kukua, na kwa mzee huweza kurefuka au kupinda, kingo zisikutane. Misuli imelegea, pengine na mtoto wa jicho ameshaingia. Mbegu zinamponyoka. Huku maganda ya jana na juzi yamebaki bakulini, mepesi, yanang'aa, kwa umbo lile lile la mbegu. Wewe unaona chakula, yeye anachakura maganda. Kijana angechimba hadi chini akapata chake. Mzee anachoka njiani.

Kwa hiyo mpunguzie kazi ya kubangua. Loweka uwele au ulezi usiku kucha, suuza, uchuje, uache hadi ncha nyeupe ichungulie. Ganda limelainika, na ndani vimeng'enya vimeshaanza kuvunja wanga kuwa sukari. Kwa joto la Tanga suuza mara kadhaa kwa siku. Zikinuka uchachu, tupa. Ongeza yai la kuchemsha lililopondwa na mchicha uliooshwa vizuri. Parachichi usithubutu, ni sumu kwake. Vijiti vya kutulia vishushe chini, chakula na maji viwe karibu na anapolala, na tundu lisikae penye upepo.

Tafuta pia mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kanari ana gramu 20 hivi, kwa hiyo gramu 2 zikipotea ni sehemu ya kumi ya mwili wake, na chini ya manyoya jicho halitaona kitu. Mpime kila wiki, uandike.

Kukonda kuna sababu nyingine, na mdomo unaorefuka ovyo huweza kuwa dalili ya ini bovu. Leo, msomaji wangu, puliza juu ya bakuli maganda yaruke, uone kilichobaki. Ikiwa mbegu zilikuwa tele na bado mfupa wa kidari umechongoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii hii. Mdomo usiukate mwenyewe: ndani yake mna mishipa ya damu.