Dereva wa Kakuma hulala saa ngapi?

Msomaji, huenda umepata kupanda basi Kitale jioni ukaamkia Lodwar. Wewe ulilala fofofo. Je, aliyeshika usukani alikuwa amelala lini?

Hebu tupige hesabu ya lori. Kutoka Mombasa hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, ni zaidi ya kilomita 1,200. Chakula cha wakimbizi kinachoshuka bandarini hupita njia hiyo. Lori likienda kilomita 60 kwa saa bila kusimama, hizo ni saa 20. Sheria ya Trafiki, kifungu 66A, haimruhusu dereva wa gari la abiria wala la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa hivyo dereva mmoja ahitaji siku tatu, la sivyo mwenye gari aweke madereva wawili.

Lakini Turkana ina mambo yake. Laga iliyokuwa mchanga mtupu asubuhi huwa mto jioni mvua ikinyesha milimani, na magari hupanga foleni hadi maji yapungue. Kwa miaka mingi pia yalingojea msafara wa polisi kwa hofu ya majambazi. Dereva anayelipwa kwa safari hapati hata senti kwa kungoja huko. Basi njia ikifunguka, hukanyaga mafuta usiku kucha kufidia, miraa shavuni, utingo akimpigia porojo asisinzie.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mwenye gari husema, "Ulikuwa umekaa tu." Dereva hujibu kwamba alikuwa akilinda mzigo juani. Kwa maoni yangu dereva ana haki. Mtu asiyeweza kuacha lori akaenda kulala hajapumzika, hata kama injini imezimwa.

Nao uchovu si mchezo. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hukosea kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Akisinzia sekunde nne tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huenda karibu mita 90 bila dereva. Polisi barabarani wana kifaa cha kupima pombe. Cha kupima usingizi hawana.

Mzozo ukifika mahakamani, anayedai saa za ziada huulizwa ushahidi. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Mwajiri akishindwa kuutoa mkataba huo kortini, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye. Hata hivyo, kuna madereva wanaopatana kwa mdomo tu, tena chini ya mti.

Ikiwa baba au kaka yako anaendesha njia hiyo, mnunulie daftari dogo la mfukoni. Aandike saa ya kuondoka, saa ya kungoja lagani na saa ya kulala. Risiti za mafuta na za mizani azikunje humo humo badala ya kuzitupa Kapenguria.