Leso Juu ya Televisheni: Rekodi za Mkasi wa Filamu

Kwa hesabu yangu, mkaguzi wa filamu mwepesi kuliko wote hajawahi kukanyaga ofisi ya serikali. Alikuwa na banda la video kwetu Gongoni, pwani ya Kenya: kuta za makuti, mabenchi yenye misumari ya kuchana suruali, jenereta ikinguruma nje. Alikaa kando ya televisheni, leso begani. Waigizaji wakifumba macho tu na kusogeza nyuso, leso imeshashuka juu ya kioo. Sauti aliiacha. Sisi tuliokuwa gizani tulisikia pumzi na kitanda, tukajichorea mambo ambayo nadhani hata mwongozaji hakuyawaza. Siku moja alichelewa kuitoa, jambazi mkuu akauawa nyuma ya leso, na banda zima likasimama kudai pesa zake. Mapanga na bunduki hazikufunikwa hata siku moja.

Leso iliyokaa miaka mingi zaidi ni ya Wajapani, nayo ni ya ukungu. Kifungu cha 175 cha kanuni yao ya adhabu, ya mwaka 1907, kinakataza kusambaza vitu vya uasherati, na ndiyo maana filamu zao zimezoea kufifisha sehemu za siri. Aliyekwenda mbali zaidi kuukwepa ukungu huo ni Nagisa Oshima. Mwaka 1976 alitengeneza Ai no Corrida, kisa cha Sada Abe, mwanamke aliyemuua mpenzi wake Tokyo mwaka 1936 na kumkata uume. Picha zilipigwa Japani, lakini mikanda ilisafirishwa ikiwa mbichi hadi Ufaransa, ikasafishwa huko, na filamu ikahesabiwa kuwa ya Wafaransa. Iliporudi nyumbani ikaonyeshwa imekatwa na kufunikwa ukungu. Kesi nayo ina kituko chake: Oshima hakushtakiwa kwa filamu. Alishtakiwa kwa kitabu chenye hadithi ya filamu na picha zake. Aliachiliwa 1979, waendesha mashtaka wakakata rufaa, wakashindwa tena 1982.

Kwetu, rekodi ya ruhusa fupi kuliko zote naipa Rafiki ya Wanuri Kahiu: siku 7. Ni mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, na anayekwenda kutafuta uchi humo atarudi mikono mitupu. Ni busu na kushikana mikono. Bodi ya filamu haikusumbuliwa na ngozi. Ilitaka mwisho ubadilishwe, maana wasichana wale waliachiwa matumaini. Kahiu akakataa, na Aprili 2018 filamu ikapigwa marufuku, wiki chache kabla ya kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu itimize sharti la kufikiriwa kwa Oscar. Nairobi watu wakapanga foleni, tiketi zikaisha. Siku ya nane, kimya. Aliyepelekwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar akawa Supa Modo. Samantha Mugatsia, mmoja wa wale wasichana wawili, akatuzwa katika tamasha la FESPACO 2019 kuwa mwigizaji bora wa kike.

Stories of Our Lives ya 2014, nayo ya Kenya, haikupata ruhusa hata ya siku moja. The Wolf of Wall Street, iliyokatazwa Kenya mwaka huo huo, ilipata tangazo kubwa la bure kuliko zote: marufuku yenyewe.

Na iliyo wazi kuliko zote kuhusu pwani ya Kenya? Hapo sibishani na mtu: Paradies: Liebe ya Ulrich Seidl, mwongozaji wa Austria, iliyoshindana Cannes 2012. Mama wa Austria wa miaka hamsini anakuja ufukweni kutafuta mapenzi, anayapata kwa malipo. Kuna tukio la wanawake wanne kumchezea kijana chumbani hotelini kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Kamera haisogei, haioni haya, na anayeona haya ni wewe uliyekaa. Kijana mkuu wa filamu anaigizwa na Peter Kazungu, na jina Kazungu halihitaji mkalimani kwetu Magarini. Mtu wa Malindi akiitazama hashangazwi na mwili. Anachokijua kupita Seidl ni bei, na yale maelezo ya dada mgonjwa na karo ya shule.

Iliyobaki sipendi kuiita rekodi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, ni ya tangu 1962, kabla hata bendera haijapandishwa. Huku kwetu, kesi yake niliyoisikia ikisemwa sana haikuhusu mapaja ya mtu. Ni ya Paul Mackenzie, mhubiri wa Malindi, aliyeshtakiwa kwa kuonyesha filamu zisizokaguliwa kupitia Times TV yake na kuendesha studio bila leseni. Alikamatwa kwa mambo ya kanda hizo 2019. Aprili 2023 makaburi ya Shakahola yakaanza kufukuliwa, yakatoa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wake, wengi wao waliofunga kula. Hukumu ya filamu ilitoka mahakama ya Malindi mwishoni mwa 2023: jela.

Kanda za mahubiri yale, jamaa wangu wa Gongoni angeziacha zicheze mpaka mwisho, leso begani.