Hii fanya juu ilichimbwa na nani?

Mtu wa Ndithini, Machakos, akiambiwa kesi yake ya talaka imepelekwa kwa mpatanishi, hofu ya kwanza ni kwamba atashikwa mkono arudishwe kwa mwenzake. Kosa si lake. Neno upatanishi tumelitwika kazi mbili: kuwarudisha wawili chini ya paa moja, na kuwasaidia waachane bila kumalizana. Nazungumzia hiyo ya pili, na nitaiita usuluhishi tusije tukachanganyana.

Msuluhishi havunji ndoa. Anayetaka amri ya talaka chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 huipata mahakamani, na Mwislamu kwa kadhi. Kwa mila ya Wakamba kuna mbui ya ulee, mbuzi anayerudishwa kuonyesha kwamba ndoa imekwisha, na sheria haiwafukuzi wazee: kifungu cha 68 kinaruhusu waliooana kimila waketi nao kwanza, mradi aliyeongoza kikao apeleke ripoti kortini. Lakini mzee akishasikiliza husema nani amekosa. Msuluhishi hana hukumu mfukoni. Anauliza, anaandika, na mkipandishiana sauti anawaweka vyumba viwili na kupita katikati. Msichokubaliana hakiandikwi.

Usuluhishi ulio chini ya mahakama ulianza kwa majaribio Milimani, Nairobi, Aprili 2016, kisha ukaenea hadi vituo vingine, Machakos ikiwemo. Kanuni za 2022 zinaupa siku 60, na muda huo unaweza kuongezwa. Linganisha na kesi inayoahirishwa na kuahirishwa, nauli ya kwenda mahakama ya Kithimani ikikutoka kila mara.

Ila muda si hoja yangu kubwa. Twende shambani, maana ugomvi uko huko.

Chukua mfano wa mume mwenye hatimiliki yenye jina lake peke yake. Shamba alirithi kabla ya kuoa. Mke alipoolewa alikuta mteremko mtupu, kila mvua ya Novemba inaondoka na udongo. Yeye na wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wakachimba fanya juu, wakitoa udongo kwenye mtaro na kuutupa upande wa juu hadi ukawa ukingo. Leo maji yanatulia na maembe yanazaa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa mchango. Shamba la urithi wa namna hiyo si mali ya ndoa, lakini kifungu cha 9 kinampa aliyeliboresha haki inayolingana na jasho lake. Nayo Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja hupata kadiri alivyochangia.

Haya, thibitisha. Mwethya haitoi risiti. Kortini mama huyu ataulizwa ni mitaro mingapi, mwaka gani, nani aliona. Mbele ya msuluhishi, mara nyingi swali ni moja: hii fanya juu ilichimbwa na nani? Mume anajua. Kortini angekana, kwa sababu kukiri ni kushindwa. Hapa anaweza kukiri, kwa kuwa yanayosemwa kikaoni ni siri na hayatatumiwa dhidi yake kesi ikirudi kwa hakimu. Faida kubwa ya usuluhishi, kwangu mimi, ni hiyo: unampa mtu nafasi ya kusema ukweli bila kuulipia.

Isitoshe, hakimu atakupa asilimia, na asilimia haina njia ya kupitishia ng'ombe kwenda mtoni. Wenye shamba wanaweza kuandika kwamba mke achukue upande wenye mitaro, njia ibaki wazi, na watoto wale likizo ya Desemba kwa baba yao.

Kuna ndoa ambazo singezipeleka huko kabisa. Mwanamke anayepigwa, anayechunga jicho la mumewe kabla ya kujibu, hana nguvu ya kujadiliana. Aanze na amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Na ukisikia mnunuzi ameanza kupimapima shamba, weka zuio kwenye ofisi ya ardhi kwanza, mazungumzo baadaye.

Mkikubaliana, andikeni pia nani atamlipa mpima ardhi na nani ataomba idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, kwani shamba la kilimo haligawanywi bila idhini hiyo. Karatasi hiyo mpelekee wakili wako aisome kabla hujatia saini. Ikishasajiliwa kortini ina nguvu ya hukumu, na haikatiwi rufaa.