Maji ya Mifereji Yetu Hayatoki Kwenye Barafu

Nyakati za masika, mawingu yanapofunuka alfajiri, watu wa Arusha huamka mara nyingine na kukuta kilele cha Mlima Meru kimevikwa nguo nyeupe. Wazee hutoka nje kutazama, watoto huitana. Jua likipanda weupe ule hutoweka, kwa maana Meru, ijapokuwa urefu wake wapita mita 4,500, hauna barafu ya kudumu. Hata hivyo mto Themi wapita katikati ya mji, na Usa na vijito vingine vyateremka kwenda kuungana na Kikuletwa. Jambo hilo twaliona kila siku, wala hatulitafakari.

Tukigeuza macho upande wa mashariki na kuutazama Kilimanjaro, wengi wetu twasadiki kwamba mito yake ni machozi ya barafu ile. Barafu ikiisha, husemwa, na maji yamekwisha. Maneno haya yamekaririwa hata magazetini, na sisi wahariri tumo. Yafaa tuyapime, maana mkulima akiamini kwamba maji yake yatoka mahali asipoweza kupafikia, ataacha kulinda pale anapoweza.

Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe huo mwezi wa Mei 1848, baadhi ya mabwana wa jiografia wa Uingereza walimkatalia katakata: theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta! Rebmann alikuwa na haki. Lakini barafu aliyoiona imepungua mno. Mwaka 1912 ilifunika kama kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 hazikufika 2. Wataalamu wengine waliandika mwaka 2002 kwamba huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na masalio yake yangalipo.

Je, barafu hiyo huenda wapi? Mwezi wa Februari 2000 ziliwekwa juu ya barafu ya kaskazini, karibu na kilele, ala za kupima jua, upepo, unyevu na theluji, zikifanya kazi zenyewe usiku na mchana. Zilionyesha kwamba kule juu hewa ni kavu na ya baridi sana, hata sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka mvuke moja kwa moja na kuchukuliwa na upepo. Asiyesadiki na akumbuke vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo vinavyowekwa sandukuni: hupungua siku hata siku, na nguo hazilowi. Tena kazi hiyo yataka nguvu nyingi ya jua, kadiri ya mara nane kupita ile ya kuyeyusha. Ndiyo sababu barafu yadumu katika jua kali, na ndiyo sababu hutoa maji machache.

Theluji mpya nayo ina kazi yake. Ikianguka, weupe wake hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua angani, na barafu iliyo chini yake hupumzika. Mvua za vuli au za masika zikikosa, uso wa barafu huzeeka, huchafuka kwa vumbi, hunywa jua, na hasara huongezeka. Kwa hiyo ukame huko ni adui wa barafu sawasawa na joto.

Katika nchi nyingine mambo ni tofauti. Wakulima wa Pakistani wanaotumia mto Indus hutegemea kweli maji ya theluji na barafu ya milima mirefu, na wakiogopa wana sababu. Sisi tumepewa mfuko mwingine, nao ni msitu. Kileleni mwa Kilimanjaro mvua na theluji ya mwaka mzima ni kidogo, lakini katika msitu wa upande wa kusini, kwenye mita 2,000 na ushei, hunyesha mvua kubwa kupita mahali pengine pote mlimani. Mvua hiyo huingia ardhini polepole na kutokea tena chini katika chemchemi. Juu zaidi, miti yenye kuvu na majani membamba hukamata ukungu na kuudondosha tone kwa tone. Meru hutunza maji kwa njia iyo hiyo, bila kipande cha barafu. Maji ya milima yote miwili hukutana katika Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakashuka Pangani kuzungusha mitambo ya umeme huko Hale.

Basi hali ya hewa ile ile inayoidhuru barafu huudhuru na msitu, ila hasara hizi mbili hazilingani. Vuli ikichelewa, barafu hupoteza mvuke ambao hata hivyo usingefika mferejini. Lakini nyasi na vichaka vya juu hukauka, na moto mmoja wa mpika chakula au mrina asali hula miti iliyokuwa ikikamata ukungu. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro siku nyingi, ukateketeza kilometa za mraba nyingi kupita eneo lote la barafu lililopimwa mwaka 1912. Oktoba 2022 uliwaka tena. Picha za kilele cheupe zilizunguka dunia nzima miaka hiyo. Za vichaka vilivyoungua zilikuwa chache.