Setilaiti za Biashara Zikivaa Magwanda

Neno "raia" tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kundi lenye mchungaji. Katika sheria za vita, ndilo linalomtenga mtu wa kawaida na askari. Itifaki ya 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva yakataza kushambulia mali ya raia. Lakini mali hiyo ikichangia vita kwa dhati, kinga yake huweza kuondoka. Hapana shaka waliotunga kanuni hiyo walikuwa wakiwazia madaraja na reli. Je, setilaiti iliyokodishwa kwa mwalimu na kwa jemadari kwa wakati mmoja?

Swali hili si la kubuni. Mnamo Februari 24, 2022, muda mfupi kabla ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, wadukuzi walishambulia mtandao wa setilaiti wa kampuni ya Viasat, ambao jeshi la Ukraine liliutumia. Maelfu ya modemu za watu wa kawaida ziliharibika kote Ulaya. Nchini Ujerumani, mitambo 5,800 ya kuzalisha umeme kwa upepo ilikatikiwa na mawasiliano na wasimamizi wake. Methali ya fahali wawili na nyasi ilitungwa na watu waliowaona fahali wenyewe. Wajerumani hao hawakuona chochote. Kosa lao lilikuwa kununua huduma katika duka moja na wanajeshi.

Siku chache baadaye, madishi ya Starlink yakawasili Ukraine. Hospitali ziliyatumia, na vikosi vya mizinga na vya ndege zisizo na rubani vikayatumia vilevile. Oktoba mwaka huohuo, mjumbe wa Urusi, Konstantin Vorontsov, aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba miundombinu ya namna hiyo, iliyo nusu ya kiraia, yaweza kuwa shabaha halali ya kulipiza kisasi.

Starlink ilianza kuuza huduma zake Kenya Julai 2023. Setilaiti zake hazikai juu ya nchi moja. Kila moja huizunguka dunia kwa muda wa dakika 95 hivi. Hivyo basi, chombo kinachomhudumia mwanafunzi wa Turkana chaweza kuwa kilekile kilichokuwa kikimhudumia askari huko Kharkiv.

Na ni nani mwenye kauli? Mwaka 2022 Elon Musk alikataa ombi la Ukraine la kufungua huduma hiyo karibu na Crimea. Machi 2025 serikali ya Marekani iliizuia Ukraine kwa muda kupata picha za setilaiti za kampuni ya Maxar. Mara mwenye duka, mara mwenye dola, mteja hakuulizwa. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 huyabebesha mataifa dhamana ya matendo ya kampuni zao huko angani, lakini haukuwekei mpaka ukodishaji wa aina hii.

Sisi wanaisimu twajua kwamba kiambishi "ki-" katika "kibiashara" na "kijeshi" hueleza namna, hakimtaji mmiliki. Chombo kimoja chaweza kuwa vyote viwili katika saa ileile. Kwa hiyo, serikali yetu inapotia sahihi mikataba ya kuunganisha shule kwa setilaiti, ningependa kifungu kimoja kieleze waziwazi ni majeshi gani yanayotumia mtandao huo, na shule zitafanya nini siku utakapozimwa.