Cheni ya bodaboda hulika, haivutiki: Kukata pingili ni hasara

MHUDUMU wa bodaboda afikapo kwa fundi akilalamika kwamba cheni ya pikipiki yake imelegea kupindukia na skrubu za kuikazia zimefika mwisho, mara nyingi hupewa tiba moja. Fundi huchukua nyundo na kipande cha chuma, huzitoa pingili mbili, huiunganisha cheni upya na kumruhusu mteja aende zake. Kazi hiyo huchukua dakika chache na malipo yake ni kidogo mno yakilinganishwa na bei ya cheni mpya.

Ni tiba inayopendwa, na sababu zake zaeleweka. Wahudumu wengi hununua pikipiki kwa mkopo unaolipwa kila siku, na siku ambayo pikipiki imelala gereji, deni halilali. Hata hivyo, cheni iliyokatwa pingili kwa sababu imerefuka haijapona. Ugonjwa wake umefichwa tu, na kuanzia siku hiyo huendelea kuziambukiza sehemu nyingine zenye bei ya juu kuliko yake.

Yafaa kwanza kuondoa dhana iliyozoeleka kwenye vituo vya bodaboda kwamba cheni huvutika kama mpira. Chuma cha mabamba yake hakivutiki kwa nguvu za injini ya 100cc wala ya 150cc. Kinachotokea ni kulika.

Ndani ya kila kiungo cha cheni mna pini inayozunguka katika bushi, na juu ya bushi hiyo mna rola inayokaa kati ya meno ya sproketi. Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, alipata hataza ya muundo huu mnamo 1880, na cheni inayouzwa leo katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi haijatofautiana sana na yake. Kila cheni inapojikunja kuizunguka sproketi, pini husuguana na bushi. Mafuta yakiwemo kati yao, madhara ni madogo. Mafuta yakikauka, au vumbi la barabara ya murram likipenya na kuchanganyika nayo, mchanganyiko huo hugeuka msasa unaoitafuna pini usiku na mchana.

Kiasi kinacholiwa katika kiungo kimoja hakionekani kwa macho. Tatizo ni kwamba viungo ni vingi. Cheni ya nambari 428, ambayo ndiyo inayotumika sana kwa pikipiki za 125cc na 150cc zinazobeba abiria humu nchini, ina umbali wa milimita 12.7 kutoka pini moja hadi nyingine. Kwa hivyo pingili 20 za cheni mpya zina urefu wa milimita 254. Kampuni ya Suzuki, kwa mfano, imewahi kuweka milimita 259 kuwa kikomo kwa cheni ya aina hii katika pikipiki zake ndogo. Tofauti hiyo ya milimita tano ni robo ya milimita kwa kila pingili, na ni takribani asilimia mbili ya urefu wote.

Hapa ndipo hesabu ya kukata pingili inapojisuta yenyewe. Chukua cheni ya 428 yenye pingili 116. Ikiwa mpya ina urefu wa milimita 1,473. Pingili haziwezi kuondolewa moja moja, kwa kuwa cheni hupishanisha pingili nyembamba za ndani na pana za nje. Ikitolewa moja pekee, ncha mbili hazikubali kuungana. Ni lazima zitoke mbili, yaani milimita 25.4. Lakini asilimia mbili ya cheni hiyo ni milimita 29. Maana yake ni kwamba cheni iliyorefuka kiasi cha kumwezesha fundi kutoa pingili mbili na kuirudisha mahali ilipokuwa siku ya kwanza imeukaribia ukingo wa kaburi lake. Na kwa kuwa kwa kawaida fundi haitwi hadi skrubu za kukazia zimefika mwisho, mara nyingi cheni hiyo imekwisha kupita kikomo kitambo.

Kupima hakuhitaji mashine, rula ya mwanafunzi yatosha. Cheni hukazwa kidogo ili upande wa chini unyooke, kisha pini 21 huhesabiwa na umbali kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21 ukapimwa. Pini 21 ndizo zinazofanya pingili 20. Anayehesabu pini 20 atapata jibu la kumfurahisha bure. Zoezi hilo lirudiwe katika sehemu tatu au nne za cheni, kwa sababu cheni hailiki sawasawa kote.

Asiye na rula anaweza kuivuta cheni kwa vidole kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa, kana kwamba anataka kuitenga na gurudumu. Cheni nzima hukataa kutoka. Ikiwa inainuka kiasi cha kuonyesha nusu ya jino chini yake, hakuna haja ya kubishana na fundi. Vivyo hivyo cheni ambayo imelegea mahali pamoja na kukaza mahali pengine gurudumu linapozungushwa, au iliyo na viungo vilivyoganda vinavyokataa kunyooka, haiwezi kuokolewa kwa kurekebishwa.

Si kila mshtuko unaosikika mhudumu anapoongeza mafuta hutokana na cheni, hata hivyo. Pikipiki nyingi za kazi zina raba ndani ya habu ya gurudumu la nyuma ambazo hupunguza mshindo kati ya sproketi na gurudumu. Raba hizo zikisagika, pikipiki hurukaruka jinsi ile ile, na mwenyewe huweza kununua cheni mpya asione nafuu yoyote. Ni vyema sproketi kubwa ishikwe na kutikiswa mbele na nyuma kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Sasa tuseme cheni imethibitishwa kuwa imelika. Swali linalofuata ndilo linalozua mabishano: Je, sproketi nazo zibadilishwe? Jibu ni ndiyo, zote mbili, na kwa wakati mmoja.

Sproketi mpya ilichongwa kulingana na hatua ya milimita 12.7. Cheni iliyorefuka haikubaliani tena na hatua hiyo, kwa hivyo rola zake hupanda juu ya meno badala ya kutulia katikati, na mzigo uliokuwa ukibebwa na meno mengi sasa hubebwa na machache. Meno hayo huliwa upande mmoja hadi yakapinda mithili ya pezi la papa. Cheni mpya ikivishwa kwenye meno ya namna hiyo, hulazimika kufuata umbo lililoachwa na marehemu, nayo hulika kwa kasi mno. Sproketi ndogo ya mbele ndiyo huumia zaidi. Ikiwa ina meno 14 na ya nyuma ina 42, ya mbele huzunguka mara tatu gurudumu linapozunguka mara moja, na kila jino lake hupigwa mara tatu zaidi. Kwa kuwa imejificha nyuma ya kifuniko kando ya injini, wengi hawaitazami kamwe.

Hiyo ndiyo sababu maduka mengi ya vipuri huuza cheni na sproketi mbili zikiwa seti moja. Anayenunua cheni peke yake huona ameokoa pesa, ilhali amenunua nusu ya dawa.

Kuna jambo zito kuliko pesa. Cheni iliyolika inaweza kuruka meno au kukatika ghafla, na haichagui mahali. Ikikatika pikipiki ikipanda mlima katika Kisii au Murang'a huku imebeba abiria, nguvu zote za injini hupotea mara moja. Ikijikusanya kwenye sproketi ya mbele, yaweza kulifunga gurudumu la nyuma likaburura, au ikapasua ubavu wa injini na kumwaga oili yote. Sheria ya trafiki yaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Wanaobeba wawili au watatu, au magunia ya viazi juu yao, huongeza mzigo kwenye kiungo ambacho hakuna aliyekipima.

Kuhusu uteuzi wa cheni, nambari iliyochongwa kwenye mabamba yake ndiyo inayopaswa kutangulia. Tarakimu ya kwanza hueleza umbali wa pini kwa kipimo cha thumni za inchi: 4 ni thumni nne, yaani nusu inchi au milimita 12.7, na 5 ni thumni tano, yaani milimita 15.875. Tarakimu mbili za mwisho huhusu upana. Ndiyo maana cheni ya 420 na ya 428 zina hatua sawa lakini ya 420 ni nyembamba, ikiwa na nafasi ya milimita 6.35 kati ya mabamba ya ndani, nayo ya 428 ina milimita 7.94. Cheni ya 520 haiwezi kuingia kwenye sproketi ya 428 hata kidogo. Herufi H inayoandikwa mwishoni, kama katika 428H, huonyesha kwamba mabamba ni mazito zaidi. Kwa pikipiki ya kubeba abiria kutwa, nyongeza ya bei ya H yafaa.

Zipo pia cheni zenye pete ndogo za mpira kati ya mabamba, ambazo huifungia grisi ya kiwandani ndani ya kiungo na kuzuia vumbi lisiingie. Hudumu muda mrefu zaidi, hasa katika maeneo ya vumbi jingi kama vile Kitui na Turkana. Bei yake ni ya juu, na kwa kuwa ni pana kidogo, fundi ahakikishe kwamba haitagusa kifuniko au ubavu wa injini. Pete hizo huharibiwa na petroli na brashi za waya. Huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa kwa kitambaa.

Urefu wa cheni mpya huamuliwa kwa kuhesabu pingili, si kwa kuiweka kando ya ile kuukuu na kuilinganisha, kwa kuwa kuukuu imekwisha kurefuka. Ikiwa iliwahi kukatwa, hesabu sahihi itapatikana kwenye kitabu cha mtengenezaji. Idadi ya meno ya sproketi nayo isibadilishwe kiholela. Kutoka meno 14 hadi 15 mbele kwaweza kuipa pikipiki mwendo zaidi kwenye lami tambarare, lakini huipunguzia nguvu za kupanda mlima ikiwa na mzigo.

Bidhaa ghushi ni tatizo kubwa katika biashara ya vipuri, licha ya kwamba Kenya imekuwa na sheria ya kukabiliana nazo tangu 2008. Kisanduku chenye jina maarufu si ithibati. Cheni halisi huwa na nambari na alama ya mtengenezaji kwenye chuma chenyewe, na viungo vyake vyote hujikunja kwa wepesi ulio sawa. Duka lisilokubali kisanduku kifunguliwe na cheni kukunjwa mkononi kabla ya malipo lafaa kuachwa na mali yake.

Baada ya kufungwa, uhai wa cheni mpya hutegemea mambo mawili: mafuta na mkazo. Watengenezaji wengi hupendekeza ipakwe mafuta takribani kila kilomita 500. Kwa mhudumu anayekwenda kilomita 100 kwa siku, hizo ni siku tano tu. Wakati wa mvua ni mapema zaidi. Oili nzito ya gia, ya SAE 80 au 90, hufaa, na hupakwa upande wa ndani wa cheni jioni baada ya kazi ingali na joto, ili ipate usiku kucha kupenya. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni ya bure, hubeba chembechembe za chuma na masizi hadi pale pale panapopaswa kulindwa.

Mkazo wa pikipiki nyingi za kiasi hiki ni cheni kuchezacheza takribani milimita 20 hadi 30 juu na chini katikati ya upande wa chini. Kuikaza zaidi ya hapo ili "isipige kelele" ni kosa baya. Abiria anapopanda, sehemu ya nyuma hushuka na cheni hujikaza yenyewe. Isipobakiwa na nafasi, huanza kuzivuta beringi za shafti ya gia na za gurudumu. Alama za pande zote mbili za ekseli zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na sproketi kulika ubavuni.

Klipu ya kiungo cha kuunganishia huwekwa ncha yake iliyofungika ikielekea kule cheni inakokwenda, ili kitu chochote kitakachoigonga kisiifungue. Cheni mpya ikaguliwe tena baada ya siku chache za kwanza, kwani hulegea kidogo inapotulia.

Na mafundi wengi husahau jambo moja. Cheni mpya ni fupi kuliko iliyotoka, kwa hivyo gurudumu la nyuma husogezwa mbele. Kwa pikipiki zenye breki za ngoma, fimbo ya breki hulegea papo hapo na pedali huzama zaidi kabla breki haijashika. Nati ya fimbo hiyo irekebishwe, na breki ijaribiwe pikipiki ikiwa haina mtu nyuma, kabla ya abiria wa kwanza kuitwa.