Nyota njema huonekana asubuhi, hata ya hadithi

NI saa mbili asubuhi mjini Rumonge. Juu ya meza yangu kuna rundo la insha zenye kichwa kimoja: "Safari ambayo sitaisahau". Nafungua ya kwanza: "Hapo zamani za kale." Ya pili: "Safari ni jambo muhimu sana kwa binadamu." Ya tatu: "Nchi yetu imepitia mengi." Yote ni kweli, na yote yananiletea usingizi.

Siwalaumu wanafunzi wangu. Mimi mwenyewe niliyezaliwa na kusomeshwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania, nilifundishwa kwamba insha lazima ianze na utangulizi. Utangulizi wa insha ya hoja ni sawa. Lakini hadithi ni mgeni anayebisha mlangoni. Akianza kwa hotuba, mwenye nyumba anafunga mlango.

Miongoni mwa insha zile ilikuwamo ya binti ambaye mama yake huvusha mawese mpakani Mugina. Alianza na faida za biashara kati ya nchi jirani. Nilimwita, nikamwuliza: "Siku hiyo wewe uliona nini?"

Akainama kidogo, kisha akajibu: "Mama aliulizwa dumu ni la nani, akasema hamjui mwenyewe."

Nikamwambia aanzie hapo hapo. Ndugu msomaji, hebu tazama sentensi hiyo ilivyobeba mzigo. Kuna mtu, kuna kitu, kuna hatari. Unajiuliza, kwa nini mama akane mali yake? Huwezi kuondoka kabla hujajua. Habari za ushuru, bei ya mawese na karo ya shule zitaingia baadaye, wakati msomaji ameshaketi.

Wakubwa wa fani hii nao hufanya hivyo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliiandika riwaya yake ya Paradise mwaka 1994. Mwaka 2022 ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Ingawa habari zake ni za enzi ya Wajerumani, haanzi na somo la ukoloni. Anaanza na Yusuf, mvulana wa miaka 12, wakati anapokaribia kuondoka kwao. Kwamba mtoto huyo ametolewa kwa sababu ya deni la baba yake, msomaji anakuja kulijua baadaye, kama Yusuf mwenyewe.

Binti yule aliporudisha insha yake, aliniuliza: "Mwalimu, na ya kwako inaanzaje?"

Swali lilinichoma. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika habari za familia yetu katika daftari. Ukurasa wa kwanza unaeleza mauaji ya mwaka 1972, wa pili sababu zake, wa tatu njia ya kukimbilia Tanzania. Watoto wangu hawajawahi kufika ukurasa wa nne. Baba yangu sasa anakaribia miaka 80, na akiondoka kabla hawajasikia, nani atawasimulia?

Usiku ule nilifungua daftari jipya, nikaandika: "Mwaka 2008, baba alipiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na mtu asiyemfahamu akaitikia, karibu."

Kesho yake nilimsomea baba. Wanangu walikuwa wakimenya mihogo karibu. Yule mkubwa akaacha kisu. "Babu, ukaingia?"

Mzee hakumjibu upesi. Alinigeukia mimi. "Mwanangu, hukuandika kwamba nilivua viatu."

"Ulivua viatu, baba?"

"Nilikuwa mgeni. Mgeni huvua viatu."

Kwa miaka yote hiyo sikulijua hilo, kwa kuwa sikuwahi kumwuliza aliona nini. Nilimwuliza tu kwa nini tulikimbia.

Basi wewe uliyerudi, nawe unayevuka mpaka na mzigo wako kila wiki, kama una jambo la kuwaachia wanao, usianze na mwaka wala siasa. Anzia mlangoni. Waulize wazee wako walipofika walivaa nini, walishika nini mkononi, nani aliitikia.

Sentensi yangu nimeiandika upya. Viatu vimo.